Anzia mkiani: mwongozo wa kuchagua programu ya miadi, saa na ankara kwa ofisi ya ushauri

Ofisi yetu ni ya watu watano, ipo Moshi, na kazi yetu ni ushauri wa biashara ya kilimo. Leo tuko Kibosho na bodi ya AMCOS (chama cha ushirika cha mazao), kesho Arusha kwenye kikao na shirika lisilo la kiserikali, keshokutwa Same tunakusanya takwimu. Kwa miaka kadhaa kumbukumbu zetu zilikaa sehemu tatu: daftari langu la jalada jeusi, faili la Excel, na WhatsApp. Zilikaa vizuri tu, mpaka mhasibu wa mteja mmoja wa Arusha aliponiomba jedwali la siku tulizofanya kazi. Mkataba ulikuwa wa siku 12, na nyongeza kwa makubaliano. Sisi tulifanya 17. Nilikesha nikipekua picha za uwandani kwenye simu ili nijue tarehe ipi tulikuwa wapi, na kulipokucha nilikuwa na ushahidi wa siku 12 na kitu. Nikalipwa 12.

Wiki hiyohiyo nikanunua programu. Niliipendea kalenda yake: ina rangi, mteja anachagua saa mwenyewe, ujumbe wa kumkumbusha unakwenda bila mtu kuushika. Miezi mitatu baadaye nikaiacha, maana ankara yake haikujua kodi ya zuio ni kitu gani, yaani kodi ambayo mteja huikata kwenye malipo yako na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, wala haikuwa na mahali pa kuandika TIN (namba ya mlipakodi) ya mteja. Ndiyo sababu mwongozo huu unaanzia mwisho wa kazi na kurudi nyuma: ankara na malipo kwanza, kisha saa, miadi mwishoni. Wauzaji wa programu hutangaza kwa mpangilio wa kinyume, kwa kuwa kalenda ndiyo inayopendeza machoni.

Hatua ya 1: Ifuate kazi moja tangu simu ya kwanza hadi benki

Chagua kazi moja iliyokwisha na kulipwa, ya ukubwa wa kawaida. Kwenye karatasi, andika kila kilichotokea tangu mteja alipopiga simu hadi fedha zilipoingia, na kando ya kila tukio andika nani alilirekodi na wapi. Kwetu mlolongo ulikuwa hivi: simu, hadidu za rejea (maelezo ya kazi inayotakiwa) kwa baruapepe, profoma (ankara ya makadirio), LPO (hati ya mteja ya kuagiza kazi), miadi, siku za uwandani, rasimu ya ripoti, maoni, ripoti ya mwisho, ankara, risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), malipo, cheti cha kodi ya zuio.

Sasa zungushia duara kila mahali ambapo jambo lilelile liliandikwa mara mbili, na kila mahali ambapo halikuandikwa kabisa. Jina la mteja sisi tuliliandika mara sita. Namba ya LPO haikuwa popote isipokuwa kwenye karatasi yenyewe, ambayo siku ya kudai ilikuwa ndani ya gari. Maduara hayo ndiyo mahitaji yako. Orodha ndefu ya sifa iliyo kwenye tovuti ya muuzaji haikuhusu.

Na kama maduara ni mawili tu, uko peke yako, na unatoa ankara tatu kwa mwezi, usinunue kitu. Google Calendar na faili la Excel lililopangwa vizuri vitakutosha kwa mwaka mzima au zaidi. Fedha hiyo nunulia betri ya akiba.

Hatua ya 2: Ankara, ambako ndiko programu nyingi hukwama

Kwanza tuelewane kwamba ankara inayotoka kwenye programu iliyotengenezwa ng'ambo si risiti ya kodi. Tangu mashine za EFD zianze kutumika nchini mwaka 2010, mteja mwenye mhasibu hatakulipa, au akikulipa atakusumbua, mpaka apate risiti ya kielektroniki inayotambuliwa na TRA. Kwa hiyo utakuwa na hati mbili kwa kila kazi, na lazima zikubaliane hadi shilingi ya mwisho.

Njia za kuzikutanisha zipo. Unaweza kutoa ankara kwenye programu na kisha kuingiza kiasi kwa mkono kwenye mashine ya EFD. Unaweza pia kutumia VFD, yaani mfumo wa risiti usio na mashine ya mezani, ambao watoa huduma waliokubaliwa na TRA huuunganisha na programu ya uhasibu. Kwa ofisi inayotoa ankara zisizozidi 15 kwa mwezi, mimi sioni aibu ya kuingiza kwa mkono, ni kazi ya dakika chache. Muhimu ni programu ikuruhusu kuongeza kisanduku chako mwenyewe kwenye ankara, uandike humo namba ya risiti, na uambatishe picha yake. Programu isiyoruhusu visanduku vya ziada iondoe kwenye orodha hapohapo, kwa sababu bado utahitaji TIN ya mteja, VRN (namba ya usajili wa VAT, kodi ya ongezeko la thamani) kama amesajiliwa, na namba ya LPO.

Muuzaji akikwambia "sisi tumeunganishwa na TRA", usimbishie. Mwombe akuoneshe risiti halisi iliyotoka kwenye mfumo wake, kisha iskani alama yake kwa simu yako mwenyewe uone kama inafungua ukurasa wa uhakiki wa TRA na kiasi kilekile. Mmoja niliyemwomba hivyo alisema atarudi Jumatatu. Jumatatu nyingi zimepita.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme ada yako ni Sh 4,000,000 na umesajiliwa VAT. Washauri wa taaluma zinazosimamiwa na bodi hutakiwa kusajiliwa hata kama hawajafikia kiwango cha mauzo, kwa hiyo usijifiche nyuma ya udogo wa ofisi. VAT ya asilimia 18 ni Sh 720,000, na ankara inasoma Sh 4,720,000. Mteja anakata kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya ada bila VAT, yaani Sh 200,000, na benki unaona Sh 4,520,000.

Programu nyingi huona hapo kwamba bado unadai Sh 200,000, na zitaendelea kumkumbusha mteja deni ambalo hana. Kishawishi ni kuiingiza ile 200,000 kama punguzo ili deni liishe. Usifanye hivyo. Ukiweka punguzo, programu itahesabu VAT juu ya Sh 3,800,000 na kupata Sh 684,000, wakati risiti yako ya EFD inasema 720,000. Tofauti ya Sh 36,000 kwenye ankara moja, ukizidisha kwa mwaka, ni barua kutoka kwa ofisa wa kodi.

Kuna ujanja unaofanya kazi karibu kila mahali. Tengeneza njia mpya ya malipo na uiite "Kodi ya zuio". Fedha zikiingia, rekodi malipo mawili kwenye ankara moja: 4,520,000 kwa benki na 200,000 kwa kodi ya zuio. Deni linafungwa, VAT haiguswi, na mwisho wa mwaka unachapisha orodha ya kila kilichozuiwa. Kwenye malipo hayo ya pili ambatisha cheti cha zuio. Wengi wetu hukichukulia cheti kama karatasi ya kawaida, kumbe ni fedha yako iliyoko TRA, inayopunguzwa kwenye kodi yako ya mapato. Mimi huhesabu kazi kuwa imelipwa siku cheti kinapofika, si siku benki inapotuma ujumbe.

Angalia pia kama viwango vya kodi vinabadilika bila kuharibu ankara za zamani. VAT ya Tanzania Bara ilikuwa asilimia 20 hadi ilipoteremshwa kuwa 18 mwaka 2009. Kiwango cha mauzo cha kusajiliwa kilipandishwa kutoka milioni 100 hadi milioni 200 mwaka 2023. Kila tarehe 1 Julai Sheria ya Fedha mpya huanza na jambo lake. Programu iliyofungia kiwango ndani, au inayokokotoa upya ankara za mwaka jana ukibadilisha cha mwaka huu, itakuumiza.

Halafu kuna sarafu. Arusha ni mji uliozoea dola, kuanzia hoteli na kampuni za safari hadi nyumba za kupanga Njiro. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza bei na kutoza kwa fedha za kigeni huduma zinazotolewa ndani ya nchi. Mteja wa hapa anapata ankara ya shilingi. Mteja aliyeko Ujerumani anaweza kupata ya euro. Programu inapaswa kubeba sarafu zaidi ya moja na kodi tofauti kwa wateja tofauti, na mara nyingi uwezo huo haumo kwenye kifurushi cha bure. Ukiwa hapo, chapisha ankara ya majaribio ya Sh 118,000,000.00 uone kama tarakimu zinaenea kwenye safu yake. Usicheke. Tumewahi kutuma ankara ambayo sifuri mbili za mwisho zilikuwa zimeangukia mstari wa chini.

Mambo madogo ya ukurasa huohuo: posho, mafuta na malazi yawe mistari peke yake, mbali na ada. Ankara iliyokosewa ifutwe kwa kubatilishwa, ibaki na namba yake, isitoweke. Na maneno yote ya kiolezo yabadilike. Sisi tuna violezo viwili, cha Kiingereza kwa mashirika na cha Kiswahili kwa vyama vya ushirika, maana mjumbe wa bodi anayepitisha malipo ana haki ya kusoma anacholipia.

Hatua ya 3: Fedha zitaingiaje

Kitufe cha "lipa sasa" kinachosifiwa kwenye matangazo kwa kawaida hutegemea Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni ya ng'ambo, ambayo haifungui akaunti kwa biashara za Tanzania. Usilipie kifurushi cha juu kwa ajili ya kitufe hicho. Kampuni za malipo zinazofanya kazi hapa, kama Pesapal, Selcom na DPO, zinaweza kukupa kiungo cha malipo cha kubandika kwenye ankara. Lakini kwa kazi ya ushauri, wateja wetu karibu wote hulipa kwa benki, na wadogo kwa Lipa Namba. Tumeweka vyote viwili chini ya kila ankara, pamoja na sentensi moja inayomwomba mlipaji aandike namba ya ankara kwenye maelezo ya muamala. Sentensi hiyo imetuokolea muda kuliko kitufe chochote.

Ujumbe wa kukumbusha deni uandike upya kabisa kabla hujauwasha. Ule unaokuja na programu hauna salamu. Zaidi ya hapo, hakikisha umeweka majira ya Afrika Mashariki kwenye mipangilio. Yale ya programu yetu ya kwanza yalibaki ya California, na ujumbe uliopangwa kutoka saa 11 jioni ya huko ulimfikia mwenyekiti wa chama kimoja cha ushirika saa 9 usiku. Asubuhi alinipigia. "Binti yangu," akasema, "umeamka usiku wote huo kunidai?" Tangu siku hiyo wazee nawapigia simu mwenyewe, na programu inawakumbusha mashirika tu.

Hatua ya 4: Saa na siku

Hapa ugumu hauko kwenye programu, uko kwa watu. Nilipowaambia vijana kwamba kila mtu ataandika saa zake, mmoja akaniuliza, "Dada, hii ni ya kutupimia pumzi?" Nilimjibu kwa kumwonesha zile siku 5 tulizopoteza na kiasi chake kwa shilingi. Baada ya hapo hakuna aliyegoma. Lakini sikuchukua programu zinazopiga picha skrini ya mfanyakazi kila dakika chache au kufuatilia panya wa kompyuta, na nakushauri usizichukue. Mshauri anayefikiri akiwa amekaa chini ya mwembe wa ofisi anafanya kazi, na hakuna panya anayetembea.

Kwa mahitaji yenyewe, anza na mikataba yako. Ukiangalia hadidu za rejea zinazotoka kwenye mashirika ya Arusha, nyingi hulipa kwa siku za mshauri, si kwa saa. Programu nyingi zinajua saa tu. Basi amueni ofisini siku moja ni saa ngapi, kwetu ni 8, mwiandike kwenye mkataba, na mhakikishe ripoti inaweza kuonesha jumla kwa mradi na kwa mtu ili mgawanye. Miradi ya wafadhili hudai pia jedwali la mwezi lenye jina la mfanyakazi, mradi, tarehe, na sahihi mbili. Jaribu kuchapisha jedwali hilo kabla ya kununua. Likitoka kurasa nne zenye grafu za rangi na hakuna mahali pa sahihi, utalazimika kulinakili upya kwenye Excel kila mwisho wa mwezi, na hapo umerudi ulikotoka.

Weka aina chache za kazi. Tulianza na aina 22, na watu wakachagua ya kwanza kwenye orodha bila kuisoma. Sasa tuna sita: uwandani, uchambuzi, uandishi, vikao, safari, na kazi za ofisi zisizotozwa. Safari ni lazima isimame peke yake. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na kwenda na kurudi kunakula sehemu nzuri ya siku, kwa hiyo mkataba useme kama muda huo unatozwa au la. Tulipoona kwa mara ya kwanza jumla ya saa za barabarani kwa robo mwaka, tulianza kuvipanga vikao vyote vya Arusha siku ya Jumatano. Programu ililipa gharama yake hapo.

Kipimo cha mwisho cha saa ni mtandao. Washa hali ya ndege kwenye simu, anzisha saa, isimamishe, andika maelezo, zima simu kabisa, iwashe tena, rudisha mtandao. Kumbukumbu ikiwa imebaki na muda uko sahihi, endelea. Ikipotea, programu hiyo ni ya watu wa mjini wenye nyaya, si ya mtu anayeshinda Usangi milimani.

Hatua ya 5: Miadi

Nitaipita haraka, isipokuwa kwa jambo moja ambalo hakuna mtengenezaji wa ng'ambo analiwaza: saa zetu. Mteja akikuandikia WhatsApp "tukutane saa 3 Alhamisi", anamaanisha asubuhi, ambayo kwenye programu ni 9:00. Kijana wetu mpya aliwahi kuiingiza kama 3:00 mchana. Bodi nzima ilisubiri. Sasa kila miadi inaandikwa mara mbili kwenye kichwa chake, "Saa 3 asubuhi (9:00)", na kiolezo cha ujumbe wa kumkumbusha mteja kinabeba maneno hayohayo. Chagua programu inayokuruhusu kuhariri maandishi ya ujumbe huo. Pia inapaswa kuonesha saa kwa mfumo wa 24, ili 15:00 isifanane na 3:00.

Kama una wateja wa nje, kumbuka sisi hatubadilishi saa na wao wanabadilisha. London iko nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa majira yao ya joto na saa 3 wakati wa baridi, Ulaya ikibadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. New York hubadilisha kwa tarehe nyingine, ikitoka tofauti ya saa 8 kwenda 7 mwezi Machi na kurudi 8 mwezi Novemba. Kikao cha kila wiki kiwekwe kwa majira ya upande mmoja, na wote wajue ni upande upi.

Kiungo cha mteja kujichagulia nafasi, kama kile cha Calendly au Cal.com, kinawafaa wateja wa nje na vijana. Mkurugenzi wa taasisi ya hapa ukimtumia kiungo achague mwenyewe nafasi ya kukuona, anaweza kuona umemfanya karani. Mpigie, halafu mtumie mwaliko.

Hatua ya 6: Orodha fupi

Usijaribu programu kumi. Tatu zinatosha. Kwa kuhesabu muda, Toggl Track ya Estonia ina kifurushi cha bure kwa timu isiyozidi watu 5. Clockify hutumika sana pia. Harvest inaunganisha saa na ankara, ila cha bure ni cha mtu mmoja na miradi miwili. Kwa ankara, Zoho Invoice hailipiwi, na ukihitaji vitabu kamili unapanda kwenda Zoho Books, QuickBooks Online au Xero. Wave, ambayo bado inasifiwa kwenye makala za zamani, ilishaacha kusajili biashara mpya nje ya Marekani na Kanada. Kama ofisini kuna mtu anayejua kutunza seva, Kimai kwa saa na Invoice Ninja kwa ankara ni programu unazoweza kuziweka mwenyewe. Kama hayupo, usijidanganye kwamba mpwa wako atafanya wikiendi.

Na muulize mhasibu wako kabla ya kuamua. Wahasibu wengi huku wamezoea Tally au QuickBooks, na programu ambayo mhasibu haijui ataikwepa kwa kukuomba umtumie kila kitu kwa Excel.

Je, moja inayofanya yote, au kadhaa? Mimi nimeegemea kadhaa. Ile inayofanya yote kwa kawaida ina kitu kimoja kizuri na viwili vya kujaza nafasi. Sisi tunatumia moja ya ankara na vitabu, nyingine ya saa, na kalenda ya Google. Mwisho wa mwezi karani anapakua saa na kuziingiza kwenye ankara. Kazi hiyo inamchukua asubuhi moja, na katika kuifanya anagundua makosa ambayo mashine ingeyapitisha.

Hatua ya 7: Jaribio la kazi ya zamani

Vifurushi vya majaribio huwa vya wiki mbili hadi mwezi. Usivifungue vyote siku moja, kwa sababu vitaisha kabla hujavigusa. Irudie ile kazi uliyoichora kwenye hatua ya 1, sasa ndani ya programu, kwa majina na kiasi halisi: ingiza mteja, LPO, miadi, siku, ankara, malipo yaliyokatwa zuio. Mpe kazi hiyo mtu wa ofisini asiyependa kompyuta, wewe ukae pembeni na usimsaidie. Andika kila mahali aliposema "sasa hapa je?"

Halafu fanya jambo ambalo wanunuzi husahau: jaribu kutoka. Tafuta kitufe cha kupakua data yote, ipakue, ifungue kwenye Excel. Sheria ya kodi inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5, na programu ikifungwa au ukishindwa kulipia, ofisa wa kodi hatakubali kwamba zilibaki kwenye seva ya mtu.

Na watumie swali huduma kwa wateja, siku ya kazi, saa 4 asubuhi yetu. Jibu likifika saa 2 usiku, ujue hivyo ndivyo itakavyokuwa siku umekwama.

Hatua ya 8: Bei kamili na taarifa za watu

Bei hutangazwa kwa mtu kwa mwezi, na kwa dola. Ibadilishe iwe ya ofisi nzima kwa mwaka, na kwa shilingi. Programu ya dola 10 kwa mtu, kwa watu watano, ni dola 600 kwa mwaka; dola ikiwa Sh 2,600, hiyo ni Sh 1,560,000, na dola ikipanda nayo inapanda bila kukuuliza. Ongeza bando la simu za watu wa uwandani. Hakikisha kadi ya benki ya ofisi imewezeshwa kulipia mtandaoni, na isiwe kadi binafsi ya mfanyakazi, maana siku akiondoka ataondoka na malipo.

Kisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Programu nyingi hukaa kwenye seva za nje. Kwa majina ya wateja na ankara, jambo hilo linashughulikika kwa kufuata utaratibu wa Tume. Lakini orodha za wakulima na namba zao za simu, ambazo vijana hupenda kuzibandika kwenye maelezo ya miadi, zisiingie humo hata kidogo. Tumeliandika hilo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Hatua ya 9: Kuhama

Usihame katikati ya mwezi, wala Juni, ambapo mashirika mengi hufunga hesabu na kila mteja anataka ankara yake leo. Sisi tulihama tarehe 1 Februari. Ankara ambazo hazijalipwa ziingize kwa namba zake za zamani, kisha weka mfululizo wa namba mpya uendelee pale zilipoishia. Mteja aliyepokea ankara namba 87 asije akapokea namba 1 mwezi unaofuata. Zile zilizokwisha kulipwa ziache kwenye Excel, uzichapishe na kuzifungia kwenye faili.

Kwa miezi miwili daftari liende sambamba na programu. Kila Ijumaa jioni karani analinganisha jumla za saa za pande zote mbili. Kwetu wiki ya kwanza zilitofautiana kwa saa 11, wiki ya tatu kwa saa 2, na zote mbili zilikuwa za kwangu mwenyewe, nilisahau kuanzisha saa nilipokuwa Arusha. VAT ya mwezi wa kwanza, inayotakiwa isipite tarehe 20 ya mwezi unaofuata, niliiandaa kutoka kwenye programu, nikailinganisha na jumla za mashine ya EFD. Zilipokubaliana mara mbili mfululizo, nikaliweka daftari jeusi kabatini, juu ya faili la mteja wa siku 17.